Dawa za Miti na Dawa za Hospitali: Mwambie Muuguzi Ulichokunywa

Tuanze na mfano. Mwenzetu mmoja ana ugonjwa wa kisukari. Kila siku humeza kidonge alichoandikiwa na daktari. Siku moja jirani yake anamwambia ya kuwa majani ya umubirizi hushusha sukari. Naye anayachuma, anayatwanga, na kunywa kikombe kizima kabla ya kwenda kazini. Ni zamu ya usiku, tena ni mwisho wa mwezi, na tangu mchana hajala kitu cha maana. Saa nane za usiku mikono inaanza kutetemeka. Jasho linamtoka ingawa hewa ni baridi. Anaulizwa neno, anajibu lingine. Kapita anafika, anamtazama, anasema: "Huyu amelewa." Asubuhi mwenzetu anaitwa ofisini, na barua imekwisha andikwa.

Hakulewa. Sukari ya damu yake ilishuka mno, kwa sababu vitu vitatu viliishusha kwa pamoja: kidonge, majani na njaa. Angalipewa maji ya sukari mapema, angalirudi katika hali yake kwa muda mfupi. Lakini hakuna aliyejua. Muuguzi hakujua habari za majani, aliyempa majani hakujua habari za kidonge, na mgonjwa mwenyewe hakujua ya kuwa vitu hivyo viwili vyaweza kusukumana.

Mfano huu tumeutunga, wala hatumsemi mtu wala kiwanda. Lakini kila mmoja wetu aweza kuwa yeye. Ndiyo maana leo twataka kueleza jambo hili: dawa za miti na dawa za hospitali zinapokutana ndani ya mwili mmoja, kunatokea nini? Na mfanyakazi afanye nini ili asiharibikiwe na afya, wala asipoteze kazi?

HATUKO HAPA KUCHEKA DAWA ZA WAZEE

Kwanza tuondoe wasiwasi. Makala hii haikuandikwa ili kuwadharau waganga wa miti shamba. Katika mitaa yetu ya Bujumbura, Buyenzi, Kinama, Bwiza au Musaga, na katika kambi za mashamba ya chai ya Teza na Rwegura, michikichi ya Rumonge na miwa ya Moso, ni wachache ambao hawajapata kunywa umubirizi kwa homa au umuravumba kwa tumbo na kikohozi. Mwarobaini, shubiri, tangawizi na kitunguu saumu twavijua tangu utotoni.

Tena, dawa nyingi za hospitali zilizaliwa na mimea. Mwaka 1785 daktari wa Uingereza, William Withering, alieleza jinsi mmea uitwao kwa Kifaransa digitale ulivyowasaidia watu waliovimba miili kwa ugonjwa wa moyo. Kutoka mimea ya jamii hiyo ndiko ilikotoka dawa ya digoksini. Mwaka 1820 Wafaransa wawili, Pelletier na Caventou, walitenga kwinini kutoka magome ya mti wa Amerika ya Kusini. Mti huo ulikuja kupandwa hata karibu yetu, huko Bukavu, na wafanyakazi wa mashamba kama sisi walibandua magome yake ili kiwanda cha Pharmakina kitengeneze kwinini. Dawa ya kisukari iitwayo metfomini, ambayo daktari Mfaransa Jean Sterne alieleza matumizi yake mwaka 1957, chimbuko lake ni utafiti juu ya mmea uliotumiwa zamani na watu wa Ulaya. Nayo artemisinini, nguzo ya dawa za malaria za leo, ilipatikana Uchina katika miaka ya 1970 kutoka mmea wa artemizia. Mama Tu Youyou, aliyeongoza kazi hiyo, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015.

Basi tusiseme ya kuwa majani hayana nguvu. Yanayo. Na hapo ndipo lilipo jambo lenyewe. Kitu chenye nguvu ya kuponya kina nguvu ya kudhuru pia, na kina nguvu ya kuingilia kazi ya dawa nyingine. Wanaosema, "Haya ni majani tu, hayana madhara," wanayavunjia majani heshima yake. Sumu nyingi kali nazo zatoka katika mimea.

INI NI KAMA KIWANDA

Sisi tulio viwandani tutaelewa upesi tukitazama mwili kama kiwanda. Kidonge kikimezwa huenda tumboni, kisha utumboni, na hapo huingia katika damu. Damu hukipeleka kwenye ini. Ndani ya ini, na hata katika kuta za utumbo, mna vitu vinavyoitwa vimeng'enya. Hivyo ndivyo mashine. Kazi yake ni kuvunjavunja dawa na sumu ili mwili uweze kuzitoa nje. Mabaki hutoka kwa njia ya figo na mkojo, au kwa njia ya nyongo na choo.

Daktari anapoandika "kidonge kimoja asubuhi na kimoja jioni," hesabu hiyo imefanywa kufuatana na mwendo wa mashine hizo. Dawa ikivunjwa kwa mwendo wa kawaida, kiasi cha kutosha hubaki katika damu mpaka saa ya kidonge kinachofuata. Mwendo ukibadilika, hesabu inaharibika.

Majani nayo hupita katika kiwanda hicho hicho. Hakuna ini la dawa za wazee na ini la dawa za Wazungu. Ini ni moja. Basi dawa mbili zikikutana, mambo yaweza kuharibika kwa njia tatu.

Njia ya kwanza ni kushikana tumboni. Kitu kimoja hukishika kingine, nacho hakiingii katika damu. Mtu amemeza kidonge, lakini kidonge kimetoka chooni bila kufanya kazi.

Njia ya pili ni kubadilisha mwendo wa mashine za ini. Mmea mmoja huzichelewesha, na dawa inalundikana katika damu kama marobota yaliyokwama mlangoni; mgonjwa anapata kipimo kikubwa kuliko alichoandikiwa. Mmea mwingine huziharakisha, na dawa inavunjwa kabla haijamaliza kazi. Mgonjwa anameza kila siku, lakini ni kama hamezi.

Njia ya tatu ni kusukuma upande mmoja. Dawa hushusha sukari, na majani hushusha sukari. Kila kimoja peke yake kingefaa, lakini vikiwa pamoja vyaweza kumwangusha mtu. Ndivyo ilivyokuwa katika mfano wetu.

JAMBO HILI LILIJULIKANAJE?

Mwaka 1989 watafiti wa mji wa London, jimbo la Ontario nchini Kanada, walikuwa wakipima dawa ya presha iitwayo felodipini pamoja na pombe. Ili kuficha ladha ya pombe waliichanganya na maji ya balungi. Walishangaa kuona ya kuwa dawa katika damu ilikuwa nyingi mara kadhaa kuliko walivyotazamia. Walipochunguza, waligundua ya kuwa pombe haikuwa sababu. Ni tunda lenyewe lililosimamisha mashine za utumbo zinazovunja dawa hiyo. Tunda la kawaida, la kula mezani!

Mwaka 2000 ilionekana kinyume chake. Kuna mmea wa Ulaya uitwao kwa Kifaransa millepertuis, ambao watu huunywa kwa huzuni na kukosa usingizi. Watafiti nchini Marekani waliwapa watu wazima wenye afya mmea huo pamoja na indinavir, dawa ya kuzuia virusi vya UKIMWI. Kiasi cha dawa katika damu kilipungua kwa zaidi ya nusu. Mwaka huo huo, huko Zürich nchini Uswisi, wagonjwa wawili waliopandikizwa moyo walikunywa mmea huo bila kujua madhara yake. Dawa iliyokuwa ikiulinda moyo mpya ilipungua katika damu, na miili yao ikaanza kuukataa moyo.

Tena tusidhani ya kuwa ni majani peke yake yenye tabia hiyo. Rifampisini, dawa ya hospitali inayotibu kifua kikuu, huziharakisha sana mashine za ini. Kwa sababu hiyo mama anayetumia vidonge vya kupanga uzazi hana budi kumwambia muuguzi aanzapo dawa ya kifua kikuu, maana vidonge hivyo hupungua nguvu. Daktari naye hubadili kipimo cha baadhi ya dawa za UKIMWI. Daktari hufanya hesabu hii kila siku kwa dawa anazozijua. Asizozijua hawezi kuzihesabu.

TUTAZAME MAGONJWA YETU

Malaria. Sote twakumbuka, au tumesimuliwa, jinsi malaria ilivyoshambulia nchi yetu mwaka 2000 na 2001, hata katika milima ambako haikuzoeleka sana. Dawa za zamani zilikuwa zimeshindwa, na mwaka 2003 Burundi ikabadili tiba na kuanza kutumia dawa zenye mchanganyiko wa artemisinini. Dawa hizi hufanya kazi zikimezwa zote, kwa saa zake. Ile yenye artemetha na lumefantrini, ambayo wengi twaijua kwa jina la Coartem, humezwa mara sita katika siku tatu, na yafaa imezwe pamoja na chakula chenye mafuta au maziwa, kwa maana mafuta huisaidia kuingia katika damu.

Sasa mfanyakazi anafanya nini? Anameza mara mbili, homa inapungua, vidonge vilivyobaki anaviweka akiba kwa ajili ya mtoto, na badala yake anakunywa umubirizi au chai ya artemizia. Hapo kuna hatari mbili. Ya kwanza ni kwamba kikombe kichungu katika tumbo tupu huweza kumtapisha, na kidonge kikatoka nacho. Mtu akitapika kabla ya saa moja kupita tangu ameze, arudi kwa muuguzi apewe kipimo kingine. Ya pili ni kwamba chai ya artemizia haina kipimo kinachojulikana. Majani ya shamba moja yana nguvu, ya shamba lingine hayana, na kikombe cha leo si sawa na cha jana. Dawa kidogo haiwaui vidudu wote. Huwabakiza wale wagumu. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwaka 2019 ya kuwa halikubali chai au unga wa artemizia kutumiwa kutibu au kuzuia malaria. Nako Rwanda, jirani zetu, watafiti walitangaza mwaka 2020 ya kuwa wameona vidudu vya malaria vilivyoanza kuizoea artemisinini. Dawa hii ikishindwa, tutakimbilia wapi?

Kisukari na presha. Watafiti wamewapa panya wa maabara maji ya majani ya umubirizi na kuona sukari yao ikishuka. Kwa hiyo anayemeza glibenklamidi au kudungwa insulini asiyanywe kisirisiri. Dalili za sukari kushuka ni kutetemeka, jasho la baridi, moyo kwenda mbio, njaa kali, macho kutoona vizuri na maneno kuchanganyika. Mwenzetu akiwa hivyo, naye bado ana fahamu na aweza kumeza, apewe upesi maji yenye sukari nyingi au soda, kisha chakula. Akiwa amezimia, asitiwe kitu kinywani. Apelekwe hospitali mara moja. Wenye presha nao wanaomeza dawa za kukojoza wajihadhari na dawa za miti za kuharisha, kama utomvu wa shubiri. Mkojo mwingi na kuharisha vyote viwili huondoa mwilini chumvi iitwayo potasiamu. Ikipungua, misuli hulegea na kukakamaa, na moyo hupiga bila mpango. Kwa anayetumia digoksini, hatari ni kubwa zaidi.

UKIMWI. Dawa zake ni za maisha, na nguvu yake ni kubaki katika damu saa zote. Kitunguu saumu cha mchuzi hatukikatazi. Lakini utafiti wa mwaka 2002 nchini Marekani ulionyesha ya kuwa vidonge vya kitunguu saumu vilivyomezwa kila siku vilipunguza kwa karibu nusu kiasi cha saquinavir, dawa ya UKIMWI iliyotumika sana wakati huo. Dolutegraviri, inayotumika sana leo, hushikwa tumboni na madini ya chuma na ya chokaa. Basi mwenye kumeza dawa hizi asianze unga wowote, hata ule uitwao "wa kuongeza nguvu," kabla ya kuuliza.

Mimba na kujifungua. Hapa twasema na mama na dada zetu wanaochuma chai na kupalilia mashamba. Ziko dawa za miti zinazonywewa ili uchungu uje haraka. Baadhi yake hulifanya tumbo la uzazi likaze kwa nguvu. Hospitali nayo ina dawa ya kazi hiyo hiyo, oksitosini, inayopitishwa katika mshipa tone kwa tone ili mkunga aweze kuipunguza au kuisimamisha. Mama aliyekunywa dawa nyumbani, akifika hospitali akanyamaza, kisha akawekewa oksitosini, tumbo la uzazi lasukumwa na nguvu mbili, na mkunga aona moja tu. Laweza kupasuka. Hapo twapoteza mtoto, na pengine mama pia. Tangu mwaka 2006, kufuatana na tangazo la sikukuu ya wafanyakazi tarehe 1 Mei, huduma ya kujifungua na matibabu ya watoto wasiotimiza miaka mitano hutolewa bure katika vituo vya serikali. Basi mama afike mapema, na aseme kweli.

Chai, udongo na maziwa. Tusisahau vitu ambavyo hatuviiti dawa. Mama mjamzito hupewa vidonge vya madini ya chuma ili aongeze damu. Akivimeza kwa chai, ukali wa chai huyashika madini hayo, na sehemu kubwa hupotea. Nasi tunaochuma chai ndio tunaoinywa kutwa! Vidonge hivyo vimezwe kwa maji, na chai ingojee angalau saa moja au mbili. Udongo mweupe ambao wajawazito wengi hupenda kuula nao hushika dawa tumboni kama sifongo. Maziwa, yanayosaidia dawa ya malaria tuliyoitaja, huzuia dawa nyingine, kama tetrasaiklini na siprofloksasini. Kwa hiyo tusikisie. Tuulize kila dawa na chakula chake.

Maumivu ya mgongo na unga wa nguvu za kiume. Anayebeba magunia kutwa nzima hutafuta nafuu. Lakini unga unaouzwa njiani si mara zote ni wa mti mtupu. Katika nchi nyingi wakaguzi wamekuta dawa za hospitali zimechanganywa humo kwa siri: katika unga wa maumivu, dawa kali zinazovimbisha uso na kutoboa tumbo zikitumiwa muda mrefu, katika unga wa wanaume, dawa ya sildenafili. Mwenye ugonjwa wa moyo anayemeza dawa za aina ya nitrati akipata sildenafili bila kujua, presha yake yaweza kushuka ghafla hata akafa.

KWA NINI TWAFICHA?

Muuguzi huuliza, "Umekwisha kunywa dawa gani?" Nasi hujibu, "Hakuna." Kwa nini?

Sababu ya kwanza ni aibu. Wengi wetu tumepata kukaripiwa mbele ya watu kwa ajili ya majani. Mtu akichekwa mara moja, mara ya pili hufunga mdomo. Sababu ya pili ni fedha. Karatasi ya daktari ina dawa nne, mfukoni mna faranga za dawa moja na nusu. Nusu iliyobaki hujazwa na majani ya uani. Huo si ujinga, ni mshahara mdogo. Sababu ya tatu ni wakati. Foleni ya kituo cha afya hula siku nzima, na siku isiyofanyiwa kazi huenda hailipwi. Mganga wa miti yupo jioni, tena husikiliza.

Mambo haya matatu yakikutana na tumaini, watu hufanya mambo makubwa. Mwaka 2011, katika kijiji cha Samunge, Loliondo, nchini Tanzania, mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila aligawa kikombe cha dawa ya mizizi kwa shilingi 500. Watu walifika kwa maelfu, hata kutoka Kenya na nchi nyingine, na magari yalipanga foleni ya kilomita nyingi. Wako waliofia njiani, kwa kuwa walitolewa hospitalini wakiwa mahututi. Wako waliokunywa kikombe kisha wakaacha dawa za UKIMWI au za kisukari wakiamini ya kuwa wamekwisha pona. Ugonjwa hukaa kimya kwa muda, kisha hurudi. Tusiwacheke wale watu. Walikuwa watu kama sisi, waliochoka kuugua na kuchoka kulipa. Lakini tujifunze: anayeacha dawa ya hospitali bila kupimwa anabahatisha na roho yake.

MFANYAKAZI AFANYE NINI?

Kwanza, sema. Ukiulizwa au usipoulizwa, mwambie muuguzi, daktari au muuza dawa kila ulichokunywa: majani, mizizi, unga, hata chai ya artemizia. Hujui jina? Chukua tawi au chupa yenyewe, uionyeshe. Jina la Kirundi au la Kiswahili linatosha kuanzia. Vivyo hivyo mwambie mganga wa miti ni vidonge gani unavyomeza.

Pili, usiache wala usipunguze dawa ya hospitali kwa kuwa umepata nafuu ya majani. Rudi upimwe kwanza.

Tatu, usidhani ya kuwa kuachanisha saa kunatatua yote. Kumeza kidonge asubuhi na kunywa majani jioni huzuia kushikana tumboni tu. Mashine za ini zikiisha badilishwa mwendo, hukaa hivyo kwa siku au hata majuma.

Nne, wako ambao hawapaswi kuchanganya kabisa bila ruhusa ya daktari: wanaomeza dawa za UKIMWI, kifua kikuu, kisukari, kifafa, moyo, na dawa za kuzuia damu kuganda, wajawazito, watoto wadogo, wenye ugonjwa wa ini au figo, na yeyote anayengoja kupasuliwa.

Tano, zijue dalili za hatari: macho kuwa ya manjano, mkojo mweusi au mchache, kutapika kusikokoma, choo cheusi kama lami, damu kutoka puani au kwenye fizi, upele mwili mzima, kizunguzungu, kuchanganyikiwa. Ukiona mojawapo, nenda upesi, na uchukue dawa zote mbili mkononi.

NA SISI PAMOJA TUFANYE NINI?

Si haki kumtwika mfanyakazi mmoja mzigo wote huu. Haya yafaa wajumbe wetu wayapeleke katika mikutano na wakubwa wa kazi.

Tuombe kila zahanati ya kiwanda na ya shamba iwe na desturi ya kuuliza habari za dawa za miti, kwa upole na kwa siri, na jibu liandikwe katika karatasi ya mgonjwa. Swali moja tu, halina gharama. Tuombe orodha ya mimea inayotumika mahali petu, kwa majina ya Kirundi, Kiswahili na Kifaransa, ibandikwe mahali pa kutolea dawa. Tuombe wanyapara na makapita wafundishwe ya kuwa mtu anayetetemeka na kusema ovyo kazini apelekwe kwanza kwa muuguzi, apimwe sukari, kabla hajaitwa mlevi. Tuombe wenye kisukari wa zamu ya usiku wapewe nafasi ya kula. Na tuendelee kudai mshahara unaomwezesha mgonjwa kununua dawa zote alizoandikiwa, si nusu.

Waganga wa miti nao tusiwasahau. Tangazo la Alma-Ata la mwaka 1978 juu ya huduma za afya za msingi liliwataja miongoni mwa wale wanaoweza kushirikiana na watumishi wa afya, wakifundishwa ipasavyo. Huko Tanga, Tanzania, tangu miaka ya 1990, waganga na watu wa hospitali walikaa pamoja kuwahudumia wagonjwa wa UKIMWI, kila upande ukipeleka kwa mwenziwe mgonjwa asiyemuweza. Kama iliwezekana huko, kwa nini isiwezekane Bujumbura? Mwaliko mmoja wa mganga wa mtaa kuja kuzungumza na muuguzi wa kiwanda ungefaa kuliko makaripio mia.

Ndugu wafanyakazi, turudi kwa mwenzetu wa zamu ya usiku. Kama muuguzi angalimwuliza kwa upole, naye akajibu kweli, angalielezwa aache majani au apunguziwe kidonge, na ale kabla ya kazi. Asingetetemeka mbele ya mashine, asingeitwa mlevi, na barua isingeandikwa. Maneno machache tu yangaliokoa afya yake na kazi yake. Mficha maradhi kifo humuumbua, walisema wazee wetu. Nasi twaongeza: hata dawa tusiifiche.